Dawa za Daktari na Meza ya Kamari: Mambo Ambayo Kila Familia Inafaa Kujua

Mgonjwa anapokabidhiwa dawa kwenye dirisha la famasia, huelezwa mambo mawili matatu: ameze kabla au baada ya chakula, mara ngapi kwa siku, na kama zitamletea usingizi. Ni nadra kuulizwa kama hucheza kamari. Hata hivyo, zipo dawa halali, zilizoandikwa na daktari kwa sababu njema, zinazoweza kumfanya mtu aliyeishi kwa kiasi miaka yote ashindwe kujizuia mbele ya meza ya karata, mashine ya kamari au mchezo wa kubeti kwa simu.

Hicho si kisingizio cha wacheza kamari. Onyo hilo huchapishwa katika karatasi ya maelezo inayowekwa ndani ya pakiti ya dawa hizo, ile ambayo wengi huitupa bila kuisoma.

Ni dawa gani?

Kundi linalojulikana zaidi ni la dawa zinazoiga kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kutembea na kujongea sawasawa. Mgonjwa wa Parkinson, maradhi yanayoleta mtetemeko na kukakamaa kwa viungo, hupungukiwa na kemikali hiyo. Majina ya kutafuta kwenye pakiti ni pramipexole na ropinirole. Dawa hizi mbili hutumika pia kwa watu ambao miguu huwasumbua usiku isitulie. Bromocriptine na cabergoline, zinazotumiwa kupunguza homoni ya maziwa iliyozidi mwilini, zimo katika kundi hilo. Levodopa, ambayo ni dawa ya kawaida ya Parkinson, ina hatari ndogo zaidi, ingawa haikosi kabisa.

Dawa nyingine ni aripiprazole, inayotibu baadhi ya magonjwa ya akili. Mwezi Mei 2016, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuihusu baada ya kupokea ripoti 184 za watumiaji walioshindwa kuzuia tamaa katika kipindi cha miaka 13. Nyingi ya ripoti hizo zilihusu kamari.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 3,090 wa Parkinson nchini Marekani na Kanada, uligundua kuwa asilimia 5 walikuwa na tatizo la kamari. Miongoni mwa waliotumia dawa zinazoiga dopamini, asilimia 17.1 walikuwa na angalau tatizo moja la kushindwa kujizuia, liwe la kamari, ununuzi, ulaji au ngono. Kwa wasiotumia dawa hizo, kiwango kilikuwa asilimia 6.9. Maana yake ni kwamba wengi wanaozitumia hawapati shida hii, lakini wanaoipata si wachache wa kupuuzwa.

Kwa nini kamari?

Dopamini haishughuliki na kutembea pekee. Ndiyo pia inayoufunza ubongo kipi kimeleta faida na kipi kimeleta hasara. Mtu akishinda, kemikali hiyo hupanda na ubongo hutaka kurudia. Akishindwa, hushuka, naye huhisi uchungu unaomwambia aache. Watafiti wanaeleza kwamba dawa inayoamsha mfumo huo kila saa huenda ikaziba ule ushukaji. Raha ya kushinda hubaki, lakini uchungu wa kupoteza hufifia.

Mchezo wa poka unaonyesha hatari hiyo waziwazi. Poka ni mchezo wa subira, na mchezaji mzuri hutupa karata mbaya mara nyingi kuliko anavyoweka dau. Mgonjwa aliyeathiriwa na dawa huona kila mkono unafaa kuchezwa. Akipoteza shilingi elfu moja, huweka elfu mbili ili azirejeshe. Kwa kuwa poka ina ujuzi ndani yake, hujiambia kwamba bahati haijamgeukia tu, na kwamba kesho atacheza vizuri zaidi. Kwa simu mambo huwa magumu zaidi, maana meza haifungwi usiku na pesa hutoka kwa kubonyeza tu.

Dawa zinazolegeza akili

Kuna hatari ya pili, iliyo ya kawaida zaidi. Dawa kama diazepam, amitriptyline, chlorpheniramine ya mafua na mzio, na baadhi ya dawa kali za maumivu huleta usingizi na kupunguza umakini. Zikichanganywa na pombe, athari huongezeka na kupumua kunaweza kudhoofika. Anayecheza karata kwa pesa akiwa katika hali hiyo hafanyi uamuzi kwa akili yake kamili.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenclamide naye asikae mezani usiku kucha bila kula. Sukari ikishuka, mtu hutokwa jasho, hutetemeka na kuchanganyikiwa, na wenzake wanaweza kudhani amelewa.

Dalili za kuangalia

Tatizo la kushindwa kujizuia linaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya dawa kuanza kutumiwa, mara nyingine baada ya kipimo kuongezwa. Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye umri mdogo, wavutaji sigara, waliowahi kuwa na tatizo la kamari na wenye jamaa waliopata tatizo kama hilo. Familia iangalie mambo haya:

• Mtu ambaye hakuwa akicheza kamari ameanza, au aliyekuwa akicheza kidogo sasa hawezi kuacha.
• Anakopa kwa simu, au pesa za karo na dawa zinapotea bila maelezo.
• Anaficha simu, anakesha, au anakasirika akiulizwa.
• Ameanza kununua vitu asivyohitaji, au kula kupita kiasi.

Chukua mfano wa mstaafu aliyetunza pensheni yake vizuri kwa miaka kumi, kisha ndani ya miezi sita akaimaliza kwa karata. Jamaa watasema ni tabia mbaya za uzeeni, wengine watasema amerogwa. Huenda hakuna anayekumbuka kwamba miezi hiyo sita ilianza kipimo cha dawa kilipoongezwa. Lawama humfanya afiche zaidi, na anayeficha hachukui hatua ya kumwambia daktari.

Nini kifanyike

Kwanza, dawa isiachwe ghafla. Kuacha kwa siku moja kunaweza kuleta wasiwasi mkali, huzuni, jasho na maumivu, na kwa mgonjwa wa Parkinson viungo vinaweza kukakamaa vibaya. Mgonjwa wa akili anaweza kurudiwa na ugonjwa wake.

Pili, mgonjwa arudi kwa daktari aliyemwandikia dawa, aende na pakiti zote, na ikiwezekana aandamane na mtu wa nyumbani. Daktari anaweza kupunguza kipimo polepole au kubadilisha dawa. Kwa wengi, tamaa hupungua baada ya hatua hiyo.

Tatu, mali ilindwe wakati matibabu yakiendelea. Familia ikubaliane na mgonjwa ni nani atakayesimamia akaunti na nambari ya siri ya simu kwa muda. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani wala kukodishwa bila ridhaa ya maandishi ya wenzi wote wawili. Mke au mume asitie sahihi karatasi ambayo hajaielewa.

Nne, athari hiyo iripotiwe. Mhudumu wa afya anaweza kuijaza katika mfumo wa Bodi ya Dawa na Sumu, na mwananchi pia anaruhusiwa kuripoti.

Wakaazi wanaotumia dawa zilizotajwa wanashauriwa kumuuliza mfamasia swali moja watakapokwenda kuchukua dawa tena: “Je, dawa hii inaweza kubadilisha tabia yangu?” Anayehitaji kuzungumza na mshauri anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au kumwona mhudumu katika kituo cha afya kilicho karibu naye.