Mzee Anaposahau: Ugonjwa Tusiuite Uzee, Wala Uchawi

Tuchukue mfano wa bibi mwenye umri wa miaka 68 katika kijiji kimoja cha Kahama. Tangu ujanani hali yake imekuwa ya kupanda na kushuka. Hupita majuma halali, anazungumza bila kupumzika na kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa. Kisha hufuata miezi ya huzuni, hata kuamka kutawadha kunamlemea. Siku hizi limeongezeka jingine: husahau sufuria jikoni, na hurudia Swala aliyokwisha kuiswali. Wa nyumbani wanasema ni uzee. Majirani wananong'ona neno zito zaidi.

Neno hilo Shinyanga na Geita walijua vyema. Kwa miaka mingi vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kwa sababu ya macho mekundu tu, ilhali wekundu huo huweza kuletwa na moshi wa jikoni. Mzee anayezungumza peke yake usiku naye hayuko mbali na hatari hiyo.

Mtume (SAW) ametufundisha kutafuta tiba, kwani kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Basi ni wajibu wetu kupambanua kipi ni uzee na kipi ni maradhi.

Hali ya bibi huyu inafanana na maradhi yaitwayo baipola. Aghalabu huanza ujanani na huweza kudumu hadi uzeeni. Hayagusi furaha na huzuni peke yake. Kwa wagonjwa wengi, kumbukumbu, umakini, wepesi wa kufikiri na uwezo wa kupanga mambo hupungua hata wanapokuwa wametulia, ingawa si kwa wote wala si kwa kiwango kimoja. Hatari ya kupoteza akili uzeeni nayo ni kubwa zaidi kwao kuliko kwa wenzao.

Hata hivyo, si kila usahaulifu wa mgonjwa huyu hauna tiba. Huzuni kubwa yenyewe husahaulisha. Vivyo hivyo kasoro ya tezi ya shingoni, upungufu wa vitamini B12, kisukari kisichodhibitiwa, maambukizi ya mkojo, au dawa zilizozidi mwilini. Katika ukanda wetu wa dhahabu kuna pia zebaki: mvuke wake, dhahabu inapochomwa, hudhuru ubongo na kuleta mtetemeko, hasira na usahaulifu. Mzee aliyefanya kazi hiyo, au anayeishi jirani na inapofanyika, amweleze daktari.

Miongoni mwa dawa za baipola ni lithiamu. Huwafaa wengi, lakini mwili wa mzee huitoa polepole, hivyo damu, figo na tezi hupimwa mara kwa mara. Mzee akitetemeka sana, akitapika, akiyumba na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Upungufu wa maji mwilini huizidisha dawa hii katika damu. Baadhi ya dawa za maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, nazo hufanya hivyo. Kwa hiyo kabla ya Ramadhani familia imwone daktari. Mgonjwa ameruhusiwa na Sharia kufungua, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia. Asiache dawa kimyakimya ili afunge.

Kuhusu mali, Qur'ani katika Sura An-Nisaa, aya ya 5, imeelekeza kwamba asiye na utambuzi wa kutosha asikabidhiwe mali, bali alishwe, avishwe na aambiwe maneno mema. Basi mbuzi na shamba vilindwe kwa ajili yake, visigawanywe angali hai. Na aulizwe rai yake siku ambazo akili imetulia.

Safari ya tiba huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya mkoa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ina huduma ya afya ya akili. Mwandikieni mzee orodha ya dawa zake zote, na mwelezeni daktari usahaulifu ulianza lini. Dua na kisomo viendelee pamoja na dawa, bila kumfunga wala kumpiga. Na mnong'ono ukisikika mtaani, watoto wake na imamu wawe wa kwanza kuukata, kabla haujafika kwa mpiga ramli.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu. Amin.