Kimya Darasani Si Lazima Uwe Ugonjwa

Tangu vita vizuke Sudan Kusini Desemba 2013, familia nyingi za huko zimehamia hapa Eldoret. Mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 8: muhula mzima hajatamka neno la Kiingereza, na mwalimu alidhani ni bubu. Nilimpima masikio, mazima. Mama alipomsemesha Kidinka, alicheka na kujibu upesi.

Mtoto kama huyo anasikiliza kwanza, pengine kwa miezi kadhaa. Kiingereza cha kuchezea huchukua kama miaka 2, cha vitabuni 5 hadi 7. Mzazi, usiache Kidinka nyumbani, hakimzuii. Mwalimu amketishe na mwenzake mchangamfu, asimchape (kiboko kilipigwa marufuku shuleni 2001!). Akinyamaza hata nyumbani, mpeleke hospitali apimwe.