Polio na Bonde la Ruzizi (3): Midomo Ilihesabiwa, Miguu Ikasahauliwa

Oktoba 24 ni Siku ya Polio Duniani, na ujumbe kwa wazazi ni ule ule wa kila mwaka: pelekeni watoto wapate matone. Naunga mkono kila neno. Waliosoma makala mbili zilizotangulia wanajua jinsi kirusi kinavyoingia kwa mdomo, kinavyokaa utumboni, na jinsi ambukizo moja katika 200 linavyoacha kilema kisichopona, hivyo sitarudia. Leo naeleza jambo ninalolifuatilia kwa miaka mingi, ambalo kila mtoto wa Kivu Kusini angepaswa kufundishwa shuleni: moja ya kampeni kubwa za kwanza za matone ya polio duniani ilifanyika hapa kwetu, katika bonde la mto Ruzizi unaotoka ziwani mwetu, Ziwa Kivu.

Ilikuwa mwaka 1958, siku za Wabelgiji. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwanzoni mwa Aprili, vikundi vya wauguzi vilizunguka bonde la Ruzizi na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo na upande wa Ruanda-Urundi. Watu walikusanywa, wakubwa kwa wadogo, wakapanga foleni, kila mmoja akafungua kinywa, akapuliziwa dawa mdomoni. Waliohesabiwa walikuwa 215,504. Msomaji anayejua barabara ya Kamanyola, Luvungi na Sange, na anayekumbuka kwamba siku hizo hakukuwa na simu ya mkononi wala pikipiki ya kukodi, ataona kwamba kazi hiyo haikuwa ndogo.

Dawa yenyewe iliitwa CHAT. Aliyeitengeneza ni Hilary Koprowski, mzaliwa wa Warsaw aliyehamia Marekani na kuongoza Wistar Institute ya Philadelphia. Mwenyeji wake Kongo alikuwa daktari Ghislain Courtois, mkuu wa maabara ya Stanleyville, Kisangani ya leo. Dawa hiyo ilikuwa na kirusi hai cha polio aina ya kwanza kilichodhoofishwa, ili mwili ujifunze kupigana bila kuumia. Julai 1958 Courtois, Koprowski na wenzao walichapisha taarifa yao katika jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, na dunia ikajua kwamba maelfu ya watu wanaweza kuchanjwa bila sindano katika majuma machache. Baadaye Marekani ilichagua chanjo ya mshindani wa Koprowski, Albert Sabin, na jina la CHAT likafifia. Lakini njia ile, ya kwenda kwa umati na kuuchanja palepale, ndiyo iliyokuja kutumika duniani kote.

Sifa hiyo isitufumbe macho. Mapema mwaka 1958 hapakuwa na chanjo ya matone ya polio iliyokuwa imeidhinishwa popote duniani. Wazee wetu walikuwa sehemu ya jaribio, chini ya serikali ya kikoloni ambayo haikuwa na desturi ya kumwomba mwenyeji ruhusa. Wema unaofanywa bila kumwuliza anayefanyiwa huacha deni, na deni hilo tumelilipa kwa uvumi.

Mwaka 1999 mwandishi Mwingereza, Edward Hooper, alitoa kitabu kikubwa, The River, akidai kwamba CHAT ndiyo iliyoleta UKIMWI, kupitia sokwe waliofugwa kambini Lindi karibu na Stanleyville. Dai hilo lilichunguzwa kwa haki. Akiba za chanjo zilizokuwa zimehifadhiwa zilipimwa; hazikuonyesha chembe ya sokwe wala kirusi cha UKIMWI. Mwaka 2004 ilithibitika kwamba kirusi cha sokwe wa maeneo ya Kisangani si mzazi wa kile cha wanadamu. Mzazi wake amepatikana kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, na kirusi kilikuwa tayari kimeenea kwa watu miongo kadhaa kabla ya 1958. Ndugu msomaji, ukisikia hadithi hiyo sokoni Kadutu, hapa Bukavu, au kanisani, ikanushe bila kigugumizi. Anayeieneza anamnyima mtoto wa jirani miguu yake.

Ukweli mgumu usemwe pia. Machi 2023 ilitangazwa kwamba watoto sita wa mikoa ya Tanganyika na Kivu Kusini, na mmoja wa Burundi, walilemazwa na kirusi kilichotokana na chanjo mpya ya aina ya pili. Kirusi dhaifu cha matone hutoka na choo. Pale ambapo wengi hawajachanjwa na vyoo ni vibovu, hupita toka mtoto hadi mtoto mpaka kinarudisha nguvu. Dawa ya hatari hiyo ni kuchanja watoto wote, kila mtaa. Kuwaficha watoto kunailisha hatari hiyo.

Nafasi inakwisha, na bado sijafika kwa waliolemaa zamani. Wengi sasa ni watu wazima na wazee, kule Kadutu, Bagira na Panzi. Miaka 15 hadi 40 baada ya ugonjwa, baadhi yao huanza upya kuchoka, kuumwa viungo na kupoteza nguvu hata kwenye mguu uliokuwa mzima. Neva zilizosalia zimebeba kazi ya zilizokufa, kama mwanamke mmoja aliyelima mashamba mawili maisha yake yote. Hali hiyo haiambukizi, na wala si uchawi. Mgonjwa apumzike kabla hajachoka, asilazimishwe mazoezi makali, na magongo na vyuma vyake virekebishwe. Lakini vilima vyetu havina huruma. Baiskeli ya magurudumu matatu huhitaji msukumaji, na mara nyingi msukumaji ni mjukuu wa kike anayekosa masomo. Tangu vita ilipouingia mji wetu Februari 2025, familia nyingi hazina hata fedha ya kumlipa fundi wa kuunga chuma.

Katiba yetu, ibara ya 49, inawapa wazee na wenye ulemavu haki ya kulindwa, na sheria ya Mei 3, 2022 inazifafanua haki za wenye ulemavu. Vituo vya watu wenye ulemavu kama Heri Kwetu vimebeba mzigo huu miaka mingi. Visiachwe peke yao.

Ombi langu ni moja. Mtoa chanjo hubisha hodi nyumba kwa nyumba na kuwaandika watoto. Basi aandike pia, mlango huohuo, mtu aliyelemaa aliyemo ndani, umri wake, kifaa anachokosa, na jina la anayemtunza, na orodha ifike kwa mganga mkuu wa eneo la afya. Kalamu na daftari anavyo tayari. Serikali ya kikoloni iliweza kuhesabu midomo 215,504. Sisi tunaojitawala hatuna udhuru wa kutojua ni miguu mingapi inatusubiri.