Spidi Iko kwa Stendi, Haiko kwa Mguu

Wasee wa ndae, skizeni. Kila wikendi Nairobi inatoa mbogi ya madere wanadai kushuti ride zao. Wengine wanashuka Mai Mahiu kucheki Rift, wengine wanachapa Thika Road usiku, wengine wanatokea Kiserian wakishuka Magadi. Ndae ni fiti, barabara ni fiti, alafu video ikiingia kwa simu inakaa ni kama msee ako kwa jam ya Mombasa Road. Wikendi ingine huyo dere anakanyaga zaidi, akidhani kenye ilikosekana ni spidi. Hapo ndio ngori huanzia.

Nataka kuwashow kitu moja, na naimaanisha kabisa: spidi ya video inatoka mahali umeweka kamera. Ukijua kuiweka, 50 kwa saa itawaka mbaya. Usipojua, hata 110 italala.

Lenzi ikishuka, barabara inaamka

Jicho lako linapima mwendo na vitu ziko karibu. Milima ya mbali haisongi, mawingu hayasongi, lakini lami yenye iko chini ya bampa inapita wazimu. Sasa wasee wengi wanabandika kamera juu kabisa ya kioo cha mbele, inaona anga na milima, tarmac inaonekana kidogo tu huko mbali. Hiyo video lazima ilale.

Shusha kamera. Iweke chini karibu na dashbodi, ama nje kwa mlango wa nyuma ikicheki gurudumu la mbele, ama kwa bampa. Acha mstari mweupe, nyasi za kando na guardrail ziingie kwa kona za fremu. Lenzi pana nayo inavuta kona za picha, so chochote kinapita pembeni kinakimbia kuliko venye kinakimbia kwa ukweli. Na uache kipande ya ndae ionekane: boneti, side mirror, hata wiper. Jicho linahitaji kitu imetulia ndio lijue vingine vinasonga. Cheki onbodi za Safari Rally tangu irudi kwa WRC 2021 kule Naivasha. Ile vumbi ya fesh fesh inatisha juu unaiona ikimeza boneti.

Kamera gani sasa?

Hizi kamera ndogo zilianza na watu wa maji. Nick Woodman, msee wa surfing kutoka California, alianzisha GoPro 2002, na ile ya kwanza kuuzwa 2004 ilikuwa ya filamu ya 35mm, unaivaa kwa mkono ukipanda mawimbi. Kwa hivyo karibu kila kitu wanakupigia nayo kelele kwa tangazo, kuzama mita ngapi na kuanguka bila kuvunjika, si shida ya dere. Shida ya dere ni kioo, mtetemo, joto na giza. Nunua ukifikiria hizo nne.

Ka unashuti sana asubuhi mapema ama usiku, cheki sensa kwanza. DJI Osmo Action 4 na Action 5 Pro ziko na sensa ya inchi 1/1.3, kubwa kuliko ile ya inchi 1/1.9 iko ndani ya GoPro HERO13 Black. Sensa kubwa inakunywa mwanga mob, so giza haileti chengachenga haraka. GoPro nayo iko na stendi kila kona ya dunia, na ile kucha yake ya kufungia imekopiwa na kila mtu, so vifaa vya kuiweka hutakosa pale tao. Ka unadai kamera ya kubandika mahali pembamba, Insta360 GO 3S ina uzito wa kama gramu 39 tu na inashika na sumaku. Uzito mdogo ni raha kwa stendi, juu kitu nyepesi haitingishiki ovyo. Shida ni betri yake ndogo, so hiyo ni ya vipande vifupi.

Usione haya kununua model ya mwaka uliopita ama ya mtumba safi. Ganji yenye itabaki, iweke kwa vitu tatu: stendi ya ukweli, memori kadi ya ukweli na filta. Kadi iwe imeandikwa V30 ama U3, ya kampuni inajulikana. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa moja, so kadi ya GB 128 inakupea zaidi ya saa mbili na nusu. Kadi feki ziko mob, zinasoma GB 256 na ndani ni 16. Kabla uiamini na safari, ijaze yote kwa kompyuta na ile programu ya H2testw. Ikiwa feki itajianika hapo hapo.

Ndani ya ndae

Kuna mahali mbili za maana ndani. Ya kwanza ni kwa kioo cha mbele. Ibandike nyuma ya mirror ama chini upande wa abiria, penye haizibi macho ya dere. Sukuma lenzi karibu na kioo kabisa, juu kadiri inavyokaa mbali ndio unapata reflection ya dashbodi kwa picha: ile kivuli ya karatasi, ya vumbi, ya chochote umeweka hapo mbele. Tandika kitambaa cheusi juu ya dashbodi na utoe takataka zote. Ka bado inaonekana, valisha lenzi filta ya polarizer uizungushe mpaka reflection ife. Na safisha kioo ndani na nje. Mafuta ya kidole kwa kioo, jua likikupiga usoni, inageuza asubuhi yote ya Corner Baridi kuwa moshi mweupe.

Ya pili ni katikati ya viti vya mbele, imefungwa kwa zile chuma za headrest. Hii ndio naipenda zaidi, juu inaonyesha mikono kwa usukani, geji zikicheza na barabara ikija, zote pamoja. Mtu anaskia ni kama ameketi nyuma yenu. Lakini hapa ndio watu wanaharibu video bila kujua. Ile settingi ya kutuliza picha, GoPro wanaiita HyperSmooth na DJI wanaiita RockSteady, inafanya kazi na sensa yenye inaskia kamera ikisonga. Ndae ikikata kona, kamera inakata kona pia, na hiyo settingi inajaribu kushikilia dunia ya nje isimame. So barabara inatulia na dashbodi inaanza kuogelea huku na huku. Ukishuti ndani ya ndae, izime ama uiweke chini kabisa, na uache stendi ifanye mboka ya kutuliza.

Alafu mwanga. Ndani ni giza, nje ni jua. Ukiachia kamera iamue yenyewe, ukipita chini ya miti itafungua picha, ukitoka nje kila kitu kinageuka cheupe. Pima mwanga na barabara, uifunge hapo. Viti vikiwa vyeusi kidogo, sawa tu.

Nje ya ndae

Hapa skiza poa, juu kamera ikichomoka kwa spidi ya highway ni jiwe linaelekea kwa mtu wa boda. Stendi ya kunyonya inashika vitu laini tu: kioo na rangi safi ya bodi. Haishiki plastiki ya mikunjo, haishiki wrap ya matte, na haishiki vumbi. Sumaku nayo usiiamini bila kujaribu, juu boneti za Subaru mob za turbo ni aluminiamu na sumaku haijui aluminiamu.

Fanya hivi. Pangusa bodi na spirit, kausha na kitambaa cha microfibre. Pangusa mpira wa stendi pia, chembe moja ya mchanga inaachilia hewa iingie polepole. Bonyeza, funga, alafu ungoje dakika kadhaa kabla uweke kamera. Shika stendi yenyewe uisukume. Ndae ikitingika pamoja nayo, iko fiti. Stendi ikitingika peke yake, toa uanze upya. Ka unatumia ile ya gundi, ibandike siku moja kabla, juu gundi inataka kama saa 24 ndio ikomae.

Fupisha mkono wa stendi. Kila kiungo unaongeza ni mahali pengine pa kutetemeka, na kamera ikitetemeka haraka picha nzima inacheza kama uji. Kwa lami mbaya tumia stendi ya miguu mitatu, na ukaze skrubu na bisibisi, usiamini vidole. Mwisho, na hii hairukwi: funga kamba. Kamba moja nyembamba ya nguvu, upande mmoja kwa kamera, mwingine upite ndani ya mlango ufungwe kwa kitu ya chuma. Kamera isitoke nje kuliko side mirror. Ukisimama petrol station, ikague tena kwa mkono.

Jua la Magadi

Barabara ya Magadi ndio mtihani wa ukweli. Kiserian na Corner Baridi asubuhi kuna ukungu na baridi, alafu unashuka zaidi ya mita 1,000, unapita Olorgesailie penye kuna mashoka ya mawe ya watu wa zamani, mpaka kwa ziwa lenye joto la kupika. Kamera ndogo haina feni. Ikiwa nyuma ya kioo, jua linaichoma mbele na prosesa inaichoma ndani, itajizima kabla ufike. Shusha resolushoni: 4K ya fremu 25 ama 30 inatosha kabisa, hakuna mtu anakudai 5.3K kwa simu. Zima Wi-Fi na skrini. Elekeza AC kwa kioo. Ndae ikisimama, toa kamera uiweke kivulini, juu betri ya lithiamu ikichomwa kwa dashbodi inavimba.

Jua hilo hilo linaleta shida ingine. Tundu la lenzi ya kamera nyingi za aina hii halifungiki, so mwanga ukizidi kamera inapunguza kwa kuharakisha shata. Kila fremu inakuwa kali kama picha ya pasi, na mwendo unaonekana unarukaruka. Valisha lenzi filta nyeusi ya ND16 ama ND32, ulete shata karibu na mara mbili ya fremu: fremu 25, shata 1/50. Lami inaanza kutiririka. Hapo ndio unapata ile spidi ulikuwa unaitafuta na mguu.

Na usiku, kumbuka stima ya Kenya ni ya hertz 50. Weka kamera kwa 50Hz, ushuti fremu 25 ama 50, si 30. Ukiacha settingi ya Marekani, taa za barabara zitapepesa njia yote.

Sauti

Video bila injini ni nusu. Ndani funga madirisha, punguza feni ya AC, zima ngoma, juu YouTube watakushika na copyright na pia inaficha turbo. Ukidai exhaust, tumia maiki ndogo yenye imevaa sponji ya upepo, ifunge chini ya bampa ya nyuma, kando ya bomba, mbali na moshi wa moto. Osmo Action 5 Pro inashikana na maiki za DJI bila waya. Sauti ya gia ikishuka kabla ya kona, hiyo peke yake inauza clip.

Watu wa barabara

Barabara si studio yako. Kuna wachungaji wakivusha ng'ombe, watoto wa shule, wamama wa soko. Uso wa mtu ukiwa karibu, uliza ama uzibe. Namba za ndae za watu ziba pia. Kenya iko na sheria ya Data Protection ya 2019, na 2023 ofisi ya data ilipiga joint moja ya burudani hapa Nairobi faini ya zaidi ya milioni 1.8 juu ya kuposti picha ya mteja bila ruhusa.

Na dere asiguse kamera. Washa kurekodi ndae ikiwa imesimama, acha ikimbie mpaka mwisho, utakata kwa editi. Kitu ikiharibika, beshte wako ashughulike, ama usimame kando.

Kila mwaka barabara zetu zinaua watu zaidi ya 4,000. Limit ya gari ndogo ni 110 kwa highway ya dual carriageway na 50 ndani ya tao, na kila kitu nimekuambia hapa kinawaka ndani ya hizo namba. So ukiposti, andika kwa capsheni: kamera ilikuwa wapi, filta gani, spidi ngapi. Kuna kijana wa miaka 19 mahali, amepewa Demio ya mathe, anacheki clip yako akijiuliza uliitoa aje hivyo. Mwambie ukweli, ndio akitoka kesho aanze na kamba na bisibisi.