Marubani huambiana nini kabla ya kutua katika ukungu?

KAMPALA: Usiku wa kuamkia tarehe 17 Oktoba 1988, ndege ya Shirika la Ndege la Uganda aina ya Boeing 707, iliyokuwa ikitoka London kuja Entebbe, ilianguka karibu na uwanja wa Fiumicino mjini Roma, ilipojaribu kutua kwa mara ya tatu katika ukungu mzito. Watu 33 kati ya 52 waliokuwamo walifariki dunia. Uchunguzi ulibaini kwamba marubani hawakujiandaa vya kutosha kwa utaratibu wa kutua waliokuwa wakiufuata, hawakutajiana vimo ipasavyo, na waliendelea kushuka chini ya kimo kilichoruhusiwa bila kuiona njia ya kutulia.

Maandalizi hayo hufanywa kwa maelezo mafupi ambayo marubani hupeana kabla ya kuanza kushuka, wakati kazi bado si nyingi. Kwanza huhakikisha kwamba wote wawili wanatazama ramani ileile, isiyopitwa na wakati. Kisha hutaja masafa ya redio ya mtambo wa kuwaongoza, uelekeo wa mwisho na kimo cha kila hatua.

Jambo zito zaidi ni kimo cha chini kabisa. Ndege ikifika hapo bila rubani kuona taa au alama za njia, haina ruhusa ya kuendelea kushuka, hupaa tena. Kwa hiyo hukubaliana mapema ielekee wapi, ipande hadi kimo gani, na mafuta yaliyobaki yanaifikisha uwanja gani mwingine. Hugawana kazi pia: mmoja huendesha, mwenzake hufuatilia vipimo na kutaja vimo kwa sauti.

Uwanja wa Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, uko takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Kipimo kinachohesabu kutoka usawa huo husoma futi zipatazo 3,780 hata magurudumu yakiwa ardhini. Rubani aliyezoea viwanja vya pwani hana budi kukumbushwa hilo, na kurekebisha kipimo chake kwa kanieneo ya hewa inayotajwa na mnara.

Abiria anayehisi ndege ikipaa tena ilipokaribia kutua asidhani kwamba rubani ameshindwa. Huenda uamuzi huo ulikwisha kupangwa kabla ndege haijaanza kushuka.