Yowe la Usiku na Njia ya Kwenda Kazini

Sogeeni karibu na moto, wanangu. Safari yetu ya leo itatufikisha Dar es Salaam asubuhi, watu wakiwahi kazini, lakini inaanzia hapa hapa Kisaka, usiku mmoja nilipokuwa na umri kama wenu.

Mbwa walianza kubweka, kisha likapanda yowe kutoka boma la bondeni. Ng'ombe wameibwa! Babu alitoka na mkuki wake, akasimama kwenye lango la zizi, akaweka viganja mdomoni, akalirudia yowe lile kwa nguvu zote. Boma la jirani likalipokea, nalo likalirudia. Likaenda hivyo, boma kwa boma, kila upande kwa wakati mmoja, mpaka vijana wa mbali kabisa wakawa wameshakimbilia kwenye vivuko vya mto kuwazuia wezi.

Asubuhi, ng'ombe wakiwa wamerudi, wazee waliketi chini ya mti na kuulizana: wewe yowe lilikufikia kutoka kwa nani? Kila mmoja alitaja jirani mmoja tu. Mimi nilishangaa, kwa sababu nilisikia mwenyewe kwa masikio yangu: sauti ilitufikia kutoka bondeni, na baadaye kidogo ikatufikia tena kutoka mlimani. Nikamwuliza babu kwa nini hakutaja ile ya mlimani.

"Mjukuu wangu," akasema, "ile ya kwanza ndiyo iliyoniamsha. Ya pili ilinikuta nimesimama."

Yashikeni hayo maneno. Nitayahitaji mbele.

Nilipokua nikaenda Dar es Salaam kuanza kazi karibu na kituo cha Fire, nikafikia kwa mama mdogo, Kigamboni. Kigamboni na katikati ya jiji vinatazamana. Kati yao kuna mkono wa bahari unaoingia bandarini, mwembamba kiasi kwamba ukiwa upande mmoja unayahesabu maghorofa ya upande wa pili. Kuna namna mbili kubwa za kuvuka. Moja ni pantoni, ile meli bapa inayobeba watu na magari, nayo inakushusha Kivukoni, hatua chache kutoka kwenye mabasi ya mwendokasi. Nyingine ni kuzunguka kwa daladala kupitia Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016 kati ya Kigamboni na Kurasini.

Mtoto wa Kisaka nikaona jibu liko wazi. Kwetu, mto ukiwa na kivuko huzunguki. Nikavuka kwa pantoni, na wiki ya kwanza nikachelewa siku tatu. Majini tulikaa dakika chache tu. Muda wangu uliishia nje, kwenye umati uliokuwa ukisubiri mlango ufunguliwe.

Mama mdogo alinionea huruma, akanipa daftari. "Mwanangu," akasema, "huku njia haipimwi kwa urefu, inapimwa kwa saa. Na katika hizo saa, nyingi ni za kusimama. Andika kila kipande. Umetembea dakika ngapi, umesubiri ngapi, umepanda ngapi, umesubiri tena ngapi."

Nikaandika, na hapo ndipo macho yalifunguka. Chukulieni basi linalopita kila baada ya dakika 10. Ukifika kituoni bila kujua la mwisho limepita lini, kuna siku utalikuta linaingia, kuna siku utaliona kisogo; ukijumlisha siku nyingi, kwa wastani utasubiri dakika 5. Lakini saa moja asubuhi basi linakuja limejaa mpaka mlangoni. Linakupita. Kusubiri kwako sasa hakuhesabiwi kwa mabasi yanayopita, kunahesabiwa kwa mabasi yenye nafasi. Ndiyo maana utawaona watu wa Dar wakifanya jambo ambalo mgeni anaweza kuliona la ajabu: wanapanda daladala linaloelekea kinyume na kazini, wanaenda nalo mpaka mwisho wa njia, kisha wanarudi nalo wakiwa wameketi. Wanaita kugeuza na gari. Wamerudi nyuma ili watangulie, na daftari langu lilionyesha kwamba mara nyingi wako sahihi.

Sasa tuliite lile yowe la babu. Tuchukue namba za mfano, nyepesi kuzikumbuka. Kutoka nyumbani hadi kwenye pantoni ni dakika 10 kwa miguu. Kusubiri pantoni na kuvuka hadi Kivukoni ni 30. Kusubiri mwendokasi na kufika Fire ni 25. Kwa upande wa pili, kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala ni dakika 5, kusubiri na kupita darajani hadi Kariakoo ni 50, na kutoka Kariakoo hadi Fire kwa miguu ni 15.

Pigeni yowe nyumbani, na muwaze kwamba linatembea kwa mwendo wetu sisi: pale mtu anapotumia dakika 10, nalo linatumia dakika 10. Dakika ya 5 linafika kituo cha daladala. Dakika ya 10 linafika kwenye pantoni. Kila linapofika, pale pameamka, na pale panarusha yowe mbele. Dakika ya 40 Kivukoni inaamka na kutuma ujumbe Fire: nitakufikia dakika ya 65. Dakika ya 55 Kariakoo nayo inaamka, nayo inatuma ujumbe wake: nitakufikia dakika ya 70. Fire inalinganisha ahadi mbili na kuishika iliyo ndogo. Dakika ya 65 Fire inaamka. Yowe la Kariakoo litakapofika, litaikuta Fire imesimama.

Baada ya hapo mnafanya kama wale wazee chini ya mti. Fire, nani alikuamsha? Kivukoni. Kivukoni, nani alikuamsha? Pantoni. Na pantoni? Nyumbani. Igeuzeni safu hiyo, na njia yenu ya asubuhi ndiyo hiyo.

Tazameni uzuri wake. Hatukuhitaji kuorodhesha njia zote za jiji zima tangu mwanzo hadi mwisho. Katika mfano wetu ni mbili tu, lakini jiji lenye vituo mia lina njia nyingi kuliko punje za ulezi ghalani. Yowe halijali wingi huo. Linaamsha sehemu moja baada ya nyingine, iliyo karibu zaidi kwa saa kwanza, na iliyokwisha kuamka haiamshwi tena.

Aliyeiandika mbinu hii kwa hesabu alikuwa Mholanzi, Edsger Dijkstra. Mwaka 1956, akiwa na miaka 26, alikuwa Amsterdam na mchumba wake wakinunua vitu madukani. Wakachoka, wakaketi mkahawani kunywa kahawa. Hapo, bila kalamu wala karatasi, akaipata kwa dakika 20 hivi. Alikuwa akitafuta swali la kuonyesha uwezo wa kompyuta mpya iitwayo ARMAC, swali ambalo hata asiye mtaalamu angelielewa, akachagua njia fupi kati ya miji. Akaiwekea ramani ya miji 64 ya Uholanzi. Aliichapisha mwaka 1959 katika makala ya kurasa chache tu. Mwenyewe alisema baadaye kwamba kukosa karatasi kulimsaidia, kwa sababu kulimlazimu kukwepa mambo magumu yasiyo ya lazima. Mimi naliamini hilo. Babu hakuwa na karatasi pia.

Simu zinazotuonyesha njia leo zinatumia mbinu za ukoo huo huo, zilizoongezwa kasi. Ila simu haijui lolote ambalo mtu hakuliandika. Nairobi walilitambua hilo mapema. Matatu, yaani daladala za huko, zilikuwa zikibeba watu wengi kila siku, lakini njia zake hazikuwa kwenye ramani ya simu. Zilikuwa vichwani mwa madereva, makondakta na abiria. Tangu mwaka 2012 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walipanda matatu hizo simu zikiwa mkononi, wakirekodi kila kona na kila kituo. Mwaka 2014 ikatoka ramani yenye njia zaidi ya 130, na mwaka uliofuata njia hizo zikaingia kwenye ramani za Google.

Na hata ukiisha kuandika, namba hazikai kimya. Foleni ya pantoni ikiongeza dakika 25, Kivukoni itaamka dakika ya 65 na kuiahidi Fire dakika ya 90. Siku hiyo njia ndefu ya darajani, yenye dakika 70, inashinda. Au mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi unafurika bonde la Jangwani, katikati ya Magomeni na Fire. Mwendokasi, iliyoanza Mei 2016 na ambayo kwa siku nyingine huyapita magari yaliyokwama kwa sababu ina barabara yake peke yake, imewahi kusimama hapo mara kadhaa kwa mafuriko. Nyie mnaokaa karibu na Mto Mara hamhitaji kuelezwa jinsi njia ya jana inavyoweza kuwa maji leo.

Mwezi uliopita nilikuja kuwasalimia, na nilitaka kwenda Mugumu mapema. Nikaifungua simu. Ilinionyesha barabara, ikaniambia nitumie gari langu au miguu yangu. Kuhusu mchomoko, lile gari dogo la abiria linalopita hapa, na muda mtu anaosimama akilingoja, haikuwa na neno. Kwa hiyo nikachukua daftari, nikampigia mistari mpwa wangu wa darasa la sita, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule anasimama pale barabarani kidogo. Nimelileta, huyu hapa analo. Ukurasa wa kwanza unasomeka hivi: Jumatatu, saa 12:10, mchomoko, umejaa, haukusimama. Saa 12:35, mwingine, nafasi mbili, mama mwenye kuku akapanda.

Nani kesho atasimama upande ule wa mlimani?