Kazi Ndogo ni Chuo cha Kazi Kubwa

Vijana wetu wengi hapa Singida wana haja ya kupanda cheo, na haja hiyo si mbaya. Kilicho kibaya ni kuidharau kazi ya leo kwa kuingojea ya kesho. Kijana huwekwa kwenye mizani ya kiwanda cha kukamulia alizeti, naye husema kwamba yeye anangojea uhasibu. Basi magunia huyapima ovyo, na daftari huliandika apendavyo.

Ndugu zetu, huyo amesahau kwamba mizani ndiyo mlango wa uhasibu. Asiyeandika kwa haki kilo za mkulima mmoja wa Iramba, ataaminiwaje fedha za kiwanda kizima? Tena kilo anazozipunguza ni jasho la mtu. Katika Sura ya Al-Mutaffifin Mwenyezi Mungu amewaonya vikali wapunjao vipimo.

Tumtazame Nabii Yusuf A.S. Aliuzwa Misri, akawa mtumishi katika nyumba ya mtu, wala hakumfanyia bwana wake khiyana. Akatiwa gerezani bila ya kosa, na humo wenziwe wakamjua kwa wema wake. Hatimaye alipoomba kusimamia hazina za nchi, alitaja sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Sifa hizo hakuzipata siku ya kupewa cheo. Alikuwa nazo tangu alipokuwa hana cheo.

Na katika Waswahili tunaye Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusomesha watoto wa shule za msingi. Mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake kamili ya Qurani ilitoka mwaka 1969. Mwenye kuwafahamisha watoto dini kwa maneno mepesi alikuja kuwafahamisha watu wazima wa Afrika Mashariki nzima.

Basi wewe uliye kwenye mizani, ihakikishe kabla ya gunia la kwanza. Andika papo hapo, mbele ya mwenye mali. Uliza kwa nini mbegu za mkulima huyu zatoa mafuta mengi na za yule kidogo. Kazi yako isiwe na haja ya kurudiwa na mwingine. Hayo ndiyo masomo ya msimamizi, nawe unayasoma huku unalipwa.

Huenda cheo akapewa mwingine asiyekuzidi. Hayo hutokea, na yanauma. Lakini ujuzi hauporwi; utatoka nao uendako, na ujira wa mwaminifu haupotei kwa Mola wake.

Nanyi wazazi, mtoto arudipo jioni msimwulize tu amepata nini. Mwulizeni pia amefanya nini.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzitimiza amana zetu, ndogo na kubwa. Amin.